Injini iliyokufa mara ya pili: jinsi ya kutafuta kosa la fundi aliyetangulia

Ekskaveta ya tani 20 ililetwa kwetu Hoima, magharibi mwa Uganda, juu ya lobedi, ikitokea upande wa Buliisa. Ilikuwa imetoka ovahoo Kampala (injini kufunguliwa yote na kufungwa upya) wiki ile ile, imepakwa rangi mpya mpaka kwenye tapeti kava. Ilichimba dakika arobaini, ikanoki. Mwenye mtambo alishuka garini na jibu lake tayari: oili feki. Opereta naye alikuwa na lake: huko Kampala wametoa vifaa vizuri wakaweka vibovu. Taniboi alitaka tu kujua kama mshahara utatoka.

Nitarudi kwenye ekskaveta hiyo. Mwongozo huu ni wa fundi anayeletewa injini ambayo mwenzake alishaifungua kabla yake, na katika kazi yangu hizo ndizo nyingi. Injini inayokufa kwa uzee hutoa habari mapema: moshi, oili kupungua, nguvu kushuka mwezi hadi mwezi. Inayokufa kwa mkono wa fundi aghalabu hufa ghafla, na ikifa huvunja vitu vingi kwa mpigo, hadi kilichoua kikafunikwa na vilivyouawa. Kazi yako ni kuvitenganisha. Ukibadilisha vilivyovunjika tu, umeurudisha mtambo saiti na ugonjwa wake ndani.

Gereji kwetu Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, Mlugbara wa Arua, Mkenya wa Bungoma na Mkongo wa Bunia, kwa hiyo natumia maneno yetu ya kila siku. Metali ni zile beringi za nusu duara za kranki na za konrodi. Laina ni silinda ya kuchomoa. Nozeli ni ile inayonyunyiza dizeli. Kranki ni shafti kuu inayozunguka chini, konrodi ni mkono unaoiunganisha na pistoni. Bloku ni mwili wa injini, hedi ni kifuniko chake cha juu, sampu ni bakuli la oili chini yake.

Hatua ya 1: Zuia mikono

Mtambo ukifika kila mtu anataka kusaidia. Mmoja anataka kuiwasha "tusikie kidogo", mwingine amekwisha vuta hozi ya maji aioshe, wa tatu yuko chini anafungua bolti ya sampu. Wasimamishe wote. Ukiiwasha mara moja tu, kranki inaweza kufuta alama uliyokuwa unaitafuta. Ukiiosha, unaondoa vumbi na michirizi ya oili ambayo ingekuonyesha ilikuwa inavuja wapi na tangu lini.

Piga picha kwa simu, mbali kwanza, kisha karibu, pande zote nne, pamoja na mita ya saa. Kama injini ina kompyuta, soma kumbukumbu zake kabla ya kuchomoa betri: nyingi huandika joto lilizidi au presha ilishuka mita ikiwa saa ngapi. Halafu tafuta kadibodi kubwa safi na kalamu ya wino mzito. Kila kitakachotoka kitalala hapo kwa mpangilio wake, kimeandikwa namba. Fundi anayetupa metali zote ndani ya ndoo moja ya dizeli amechoma ushahidi wake mwenyewe.

Hatua ya 2: Uliza saa, usiulize siku

Ukiuliza "ilifunguliwa lini?" utajibiwa "juzi juzi tu", na juzi ya Uganda inaweza kuwa mwaka jana. Uliza mita ilikuwa ngapi siku ilipofungwa, na ni ngapi ilipokufa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokuambia uanzie wapi.

Kwa uzoefu wangu, ikifa chini ya saa 10 natafuta kosa la kuunganisha: metali iliyogeuzwa, kifuniko cha konrodi kilichobadilishana na mwenzake, njia ya oili iliyozibwa, uchafu uliofungiwa ndani. Ikifa kati ya saa 50 na mia chache naelekea kwenye bolti, gasketi na chuma kilichochoka. Ikivuka 500 nafikiria vumbi, maji ya rejeta na nozeli, na hapo naanza pia kumwonea huruma fundi wa kwanza, kwa sababu huenda kosa si lake tena. Hiyo si sheria. Ni mahali pa kuanzia tu.

Opereta muulize pembeni, tajiri wake asisikie, na usimhoji kama askari. "Mzee, siku ile uliona nini kwanza?" Unachotaka ni mfuatano. Taa ya oili iliwaka kabla ya mlio, au baada? Moshi ulikuja wa rangi gani? Joto lilipanda kabla ya nguvu kuisha, au nguvu iliisha joto likiwa sawa? Kisha uliza lile swali ambalo watu husahau: kwa nini injini ilifunguliwa mara ya kwanza? Mara nyingi ugonjwa wa kwanza haukupona, ulihamia tu sehemu nyingine.

Hatua ya 3: Zunguka bila spana mkononi

Sasa unatafuta nyayo za binadamu. Bolti zisizofanana kwenye kifuniko kimoja, moja ndefu, moja fupi, moja ya gari dogo. Vichwa vya bolti vilivyoliwa na spana ya bomba. Hozi ya hewa iliyofungwa waya pale palipotakiwa klipu. Sili ya pampu ya dizeli iliyokatwa: hapo kuna mtu alikaza skrubu ili mtambo "upate nguvu", na ukifika ndani usishangae kukuta pembe za vichwa vya pistoni zimeyeyuka. Na kuna waya wa king'ora cha presha ya oili, uliochomolewa na kufungwa vizuri kwa tepu nyeusi. Ukiuona huo, uandike wa kwanza kwenye karatasi yako. Kuna mtu alijua presha iko chini akaona dawa ni kunyamazisha kengele.

Halafu tazama gundi ya silikoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tyubu moja ya silikoni ni rahisi kuliko gasketi, na ndiyo sababu inapendwa. Silikoni si mbaya. Ubaya ni wingi. Ukiona imetokeza nje ya sampu kama rangi ya mdomo iliyopakwa gizani, ujue imetokeza vile vile kwa ndani, ila ya ndani huioni. Hiyo ya ndani hukauka ikawa kamba laini, oili ya moto ikaikata, ikasafiri. Kituo chake cha kwanza ni chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Ikikaa kwenye bomba la turbo au kwenye jeti zinazonyunyizia pistoni oili kwa chini, inaua kitu kimoja tu na kukuacha ukijiuliza kwa nini vingine ni vizima.

Chujio lililozibwa lina tabia yake, na ni vizuri kuijua kabla hujafungua. Injini yenye metali zilizolika huwa na presha ndogo ikiwa moto na inazunguka polepole, ukiikanyaga presha inapanda. Yenye chujio lililozibwa hufanya kinyume: polepole presha ni nzuri, ukiikanyaga inashuka, kwa sababu pampu inavuta na haipati. Kama opereta alikuambia "sindano ilikuwa inarudi nyuma nikiongeza moto", sampu ikishuka tazama chujio kabla ya kitu kingine chochote.

Ukipeleka oili maabara kupimwa, na Kampala mawakala wa mitambo wana huduma hiyo, kumbuka kwamba silikoni ya mchanga na silikoni ya gundi zinasomeka kwenye mstari mmoja wa karatasi. Ikipanda pamoja na aluminiamu na chuma, ni vumbi linasaga. Ikipanda peke yake muda mfupi baada ya injini kufungwa, inawezekana ni gundi.

Hatua ya 4: Oili na filta

Legeza bolti ya sampu taratibu, chini weka beseni safi. Kama kuna maji yaliyotulia, yatatangulia kabla ya oili. Oili kama chai ya maziwa ina maana maji yamechanganywa nayo na injini ikizunguka. Inuse: harufu ya dizeli na wepesi kama wa maji ni nozeli zinazovuja au pampu.

Filta usiipasue kwa msumeno wa chuma, utaongeza vipande vyako mwenyewe kisha uvihesabu kama ushahidi. Tumia kikata filta, kile kinachofanana na kifungua kopo. Toa karatasi ya ndani, ikamue, itandaze juani juu ya karatasi nyeupe, pitisha sumaku. Inavyoshika ni vya chuma: kranki, ringi, laina, gia. Visivyoshikwa vitazame rangi. Vipande vya njano-nyekundu ni shaba, ya metali zilizokwisha lika hadi tabaka la chini au ya bushi. Vya rangi ya fedha vinavyobonyea kwa ukucha ni uso laini wa metali. Vya fedha vinavyong'aa na vigumu ni aluminiamu, na hiyo kwa kawaida ni pistoni. Ukikuta nyuzi za tambara, hilo ni la mtu, halitoki kiwandani.

Hatua ya 5: Bolti kabla hazijalegezwa

Bolti ikishalegezwa haikuambii tena ilikazwa vipi. Kwa hiyo chora mstari kwa rangi kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye hedi au kifuniko. Ilegeze kidogo, kisha uikaze tena kwa toki renchi hadi kipimo cha kitabu. Mistari ikikutana au ikikaribiana, ilikuwa imekazwa vizuri. Bolti ikiupita mstari wake kwa mbali, ilikuwa imelegea. Fanya hivyo kwa zile zilizobaki nzima, moja moja, na uandike. Kwa bolti zile zinazokazwa kwa kipimo kisha zikaongezwa nyuzi kadhaa za mzunguko, njia hii haikupi jibu sahihi. Zipime urefu ulinganishe na kitabu, maana nyingi za aina hiyo hazitakiwi kurudiwa bila kupimwa, na nyingine hazirudiwi kabisa.

Toki renchi nayo inadanganywa. Katika nguvu unayotia, takriban sehemu tisa kati ya kumi zinaishia kwenye msuguano wa thredi na wa kichwa cha bolti, na moja tu ndiyo inayobana hedi. Thredi yenye kutu itakupigia "klik" hedi ikiwa haijabanwa. Thredi iliyopakwa oili pale ambapo kitabu kinataka kavu itavuta bolti kupita kiasi.

Na hapa niseme langu. Miaka ya nyuma nilifunga hedi ya greda, matundu ya bolti kwenye bloku yakiwa na oili chini, sikuyapuliza. Oili haibonyei. Bolti iliposhuka, oili haikuwa na pa kwenda, ikapasua bloku pembeni ya tundu. Toki renchi ilisoma vizuri kabisa. Ufa niliuona siku ya tatu, maji yalipoanza kutoka kama jasho pembeni ya bloku. Nililipa kwa kukatwa mshahara miezi minne. Tangu siku hiyo napuliza kila tundu kwa upepo na kulichungulia kwa tochi, na nikifungua injini ya mwingine nachungulia pia.

Hatua ya 6: Juu, hedi na maji

Gasketi usiibandue ukaitupa. Igeuze utazame alama ya pete ya kila silinda: imebanwa sawa pande zote, au kuna upande umebanwa na mwingine una mweusi wa moshi? Kisha pima laina zinavyochomoza juu ya bloku, kwa geji ya saa, sehemu nne kwa kila laina. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha injini yako, lakini nyingi za laina za maji zinataka laina ichomoze sehemu chache za mia za milimita, na laina jirani zisipishane kwa zaidi ya 0.05 mm hivi. Laina iliyozama haibani gasketi. Gasketi ikiwa imebadilishwa mara tatu, mgonjwa si gasketi. Kwa kawaida utakuta hedi ilipelekwa kuchongwa kila mara, na kitako cha laina ndani ya bloku, kilicholika, hakuna aliyekigusa.

Chomoa laina utazame mgongo wake. Vitundu vilivyojipanga upande mmoja, kama ubao uliotobolewa na wadudu, ni kazi ya mapovu. Laina hutetemeka pistoni inapoipiga, mapovu madogo ya maji hupasuka juu yake na kula chuma. Kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa yake, huweka ngozi inayozuia hilo. Maji matupu ya kijito hayazuii, na ya kinamasi yanaongeza na kutu. Hapa uwe mwadilifu: vitundu hivyo huchukua muda mrefu. Injini ikiwa na saa 300 tangu ovahoo na laina imetoboka, aliyefunga hakuitoboa. Kosa lake ni kuirudisha huku akiiona.

Sasa fungua nyumba ya thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Mara nyingi mno haimo. Hadithi ni ile ile: injini ilichemka, fundi akaitoa, akamwonyesha tajiri, "Boss, hiki ndicho kilikuwa kinaziba maji", na tajiri akafurahi kwa sababu hakununua kitu. Katika injini nyingi za mitambo, thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kuelekea rejeta, huku chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kuiona rejeta. Mtambo ukipewa kazi nzito unachemka, na hapo ndipo watu wanashangaa, "mbona tuliitoa?" Ukipewa kazi nyepesi asubuhi haupati joto kabisa, dizeli haiungui yote, inaosha oili kwenye laina na kushuka hadi sampu. Kwa hiyo ukikuta ringi zimeliwa na oili inanuka dizeli, na pia hedi ina dalili za kuchemka, usidhani ni magonjwa mawili.

Tazama na kifuniko cha rejeta. Kwa sababu ya mwinuko, maji Kampala yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kabale karibu na 93. Kifuniko kinachoshika presha ya nusu bar kinapandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Kilichokufa raba, au kilichobadilishwa na kifuniko cha gari dogo, kinakunyima nyuzi hizo, na thamostati yenyewe kwa kawaida huanza kufunguka kwenye 80 na kitu. Nafasi uliyobaki nayo ni ndogo sana mlimani.

Hatua ya 7: Chini, metali

Sampu imeshuka, chujio umelitazama. Kabla ya kutoa kifuniko chochote soma namba: kila konrodi ina namba yake, na kifuniko chake kina ile ile, zote upande mmoja. Namba zikipishana, umepata kitu. Kwa konrodi za kisasa zilizotenganishwa kwa kuvunjwa, kifuniko cha mwenzake hakikai hata kidogo, na aliyekilazimisha ameziharibu zote mbili.

Toa metali, zipange kwenye kadibodi, ya juu juu, ya chini chini, namba 1 upande wa feni. Rudi nyuma hatua mbili uzitazame zote kwa pamoja kabla ya kuinama kwenye moja. Swali la kwanza ni hili tu: zimekufa zote, au imekufa moja?

Zikiwa zimeungua zote, au zinazidi kuwa mbaya kadiri unavyoenda mbali na pampu, tatizo ni la wote: oili kidogo, pampu, chujio, dizeli ndani ya oili. Zikiwa zote zina mikwaruzo na chembe zilizozama usoni, oili ilikuwa chafu. Kama kranki ilitoka kusagwa, chungulia njia zake za oili: mchangachanga wa jiwe la kusagia hubaki humo iwapo vizibo havikutolewa na njia haikusuguliwa kwa brashi. Kuosha nje kwa dizeli hakufiki huko.

Ikiwa moja imeungua na majirani zake ni wapya, oili yenyewe haina hatia. Oili feki haichagui metali namba 4 ikaziacha 3 na 5.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye ile ekskaveta. Meni namba 4, yaani metali ya kranki upande wa bloku, ilikuwa nyeusi, imeviringika pembeni kama karatasi iliyopita karibu na moto. Konrodi inayopata oili kupitia hapo nayo imeungua. Zingine zote zilikuwa bado na rangi ya kijivu ya dukani. Niliigeuza ile metali ya juu. Mgongoni, katikati kabisa, palikuwa na duara dogo jeusi, kama mhuri. Metali ya juu ilitakiwa kuwa na tundu, ili oili inayotoka kwenye bloku ipite. Hii haikuwa na tundu. Lile duara lilikuwa alama ya tundu la bloku lililokuwa linasukuma oili dhidi ya mgongo wa metali iliyoliziba. Tulipotoa ya chini, tundu lilikuwa huko, linatazama kifuniko ambacho hakina oili yoyote. Zilibadilishwa nafasi, labda saa kumi na mbili jioni, mtu akiwa amechoka na tajiri amesimama mlangoni. Mwenye mtambo niliziweka mkononi mwake zote mbili pamoja na jirani yake namba 3, nikamwonyesha kwa kidole. Hakutaja oili feki tena.

Kwa hiyo usisome uso wa metali peke yake. Mgongo una mengi. Sehemu iliyong'aa sana usoni, ukiigeuza ukakuta nyuma yake kuna chembe ya uchafu au kipande cha gasketi kuukuu, basi metali haikulala na ilisukumwa ikaminya kranki. Mgongo uliosuguliwa wote unaonyesha metali ilikuwa inacheza, kifuniko hakikubanwa. Ulimi wa metali uliopondwa unaonyesha haukuingia kwenye kitanda chake. Na soma maandishi: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 ni milimita ambazo kranki imesagwa. Pima kranki kwa maikromita, usiamini maneno ya muuza spea wala ya aliyesaga. Nafasi kati ya kranki na metali ni kama unene wa unywele. Kukosea saizi moja ni kukosea zaidi ya nafasi yote uliyokuwa nayo.

Hatua ya 8: Kilichovunjika, soma uso wa mvunjiko

Vipande viwili usivirudishe kwa kuvigonganisha uone kama vinaingiana. Kila mtu hufanya hivyo, na kila anayefanya hivyo anaponda alama. Safisha kwa brashi laini, tumia lenzi ya kukuzia na mwanga wa upande.

Chuma kilichochoka huwa na uso wenye mistari ya mviringo inayotanuka kutoka mahali pamoja, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa ziwani. Pale mawimbi yanapoanzia ndipo penye kosa. Sehemu ya mwisho, yenye chenga chenga, ni pale kilipokatika siku ile, na haina habari muhimu. Bolti iliyovutika ikawa nyembamba kiunoni kabla ya kukatika ilizidiwa nguvu mara moja. Bolti yenye mawimbi kwa kawaida ilikuwa imelegea kwa muda mrefu. Katika bolti za konrodi zilizokatika, kwa hiyo, yenye mawimbi ndiyo iliyoanza, na iliyovutika kiunoni ni mwenzake aliyeachiwa mzigo.

Kranki iliyokatika ikianzia kwenye kona, pale mkono unapokutana na shingo, ipitishe ukucha hapo. Kona inatakiwa iwe na mviringo laini. Msagaji mwenye jiwe lililolika pembe huacha kona kali, na ufa hupenda kona kali. Ufa ulioanzia kwenye tundu la oili ukakata mshazari wa nyuzi 45 unasema kranki ilikuwa inasokotwa. Hapo tazama dampa ya mbele, inayotuliza msokoto wa kranki, ile ambayo kila ovahoo inapanguswa na kurudishwa bila kupimwa.

Hatua ya 9: Vumbi, nozeli na turbo, kwa haraka

Vumbi la maramu la Januari na la Julai linaweza kumaliza injini mpya kabla ya mvua kurudi, likipata tundu. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa baada ya filta. Panapaswa kuwa safi. Vumbi lililoingia na hewa hula ringi ya juu na sehemu ya juu ya laina, na kunoa pembe za mapanga ya turbo upande wa hewa. Lililoingia na oili hula metali na ringi ya oili, na kuiacha ya juu ikiwa afadhali. Silinda zote zimelika sawa? Limepita njia kuu. Moja au mbili tu? Tafuta gasketi ya manifoldi karibu yake. Filta ya hewa iliyopulizwa kwa kompresa yenye presha ya pauni mia (psi) na zaidi huwa na matundu usiyoyaona mpaka uweke taa ndani yake gizani. Mwisho ni pauni 30, kutokea ndani. Ile filta ndogo ya ndani haisafishwi kabisa, inabadilishwa.

Nozeli: hesabu washa za shaba chini yake. Mbili mahali pa moja zinainua nozeli, dizeli inapiga pasipo pake. Linganisha namba zilizochongwa, maana seti ya sita yenye aina mbili ni ya kawaida kuliko unavyodhani.

Turbo ikiwa imebadilishwa mara ya pili au ya tatu, iache, shughulika na mabomba yake ya oili, hasa la kurudi.

Hatua ya 10: Andika, kisha ndipo ufunge

Andika mambo matatu: kilichokufa kwanza, kilichokiua, na vilivyofuata. Kwa kila kimoja taja ushahidi ulioushika mkononi, na namba ya picha. Kama huna ushahidi wa kilichoua, andika hivyo, usijaze pengo na "oili mbaya". Fundi aliyetangulia usimtaje kwa matusi. Kesho anaweza kufungua injini niliyofunga mimi. Metali na bolti zenye alama zitie kwenye mfuko na umkabidhi mwenye mtambo mbele ya mtu mwingine, akitaka kwenda kudai, zimsaidie.

Ukishafunga, jaza njia za oili kwa presha kabla ya kuwasha, na filta ya kwanza uikate saa ya 10 badala ya kungoja 250. Ya ile ekskaveta tuliikata pale pale saiti, juu ya boneti ya pikapu: nyuzi mbili za tambara na unga mdogo wa chuma ulioshikwa na sumaku, basi. Tukaweka filta nyingine, opereta akapanda, akaendelea kuchimba mtaro wake.